Zinki Iliyobaki Nzima

9 Februari 1986

Mdogo wangu,

Usishtuke ukiona mwandiko huu. Ni mimi dada yako, niliyekuambia mwezi wa saba usiniandikie na mimi sitakuandikia, mpaka siku utakayosimama mbele ya kaburi la mama umweleze mwenyewe kwa nini hukuja kumzika. Amri niliitoa mimi na ninaivunja mimi. Tumeshaumia vya kutosha.

Hatujambo, kwa namna ya kusema. Mama mkwe presha haimtulii, na dawa anazificha chini ya godoro akidhani sioni. Mpwa wako Bibi Maswali ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa maswali yake yanatoka na upepo. Cherehani ni ileile, mkanda umekatika mara mbili mwezi huu. Telegramu yako ya rambirambi ilifika. Ilikuwa fupi, lakini telegramu zote ni fupi, sikulaumu.

Kwa kuwa habari ya kufa kwa shemeji yako uliipata kwa mstari mmoja, nikupe iliyobaki. Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na moja Januari. Dakika aling'oa boti saa moja kamili asubuhi, abiria kumi na wawili, kuvuka kwenda upande wa pili. Si bure walimwita Dakika. Hakuwahi kumsubiri mtu, hata mimi mkewe aliniacha gatini mara mbili. Bahari ilikuwa shwari. Katikati ya mkondo maji yakaanza kupanda kutoka chini, upande wa injini, tena kwa kasi. Aliwavalisha watu maboya, akawahamishia kwenye boti iliyokuwa inarudi, mmoja mmoja. Mwalimu wa hesabu wa shule ya mpwa wako alikataa kuhama, akabaki kumsaidia kuchota maji. Boti ilizama na wote wawili.

Walipoivuta nje, mkaguzi aliona karibu na propela chuma kimeliwa mpaka kimekuwa kama chujio. Kwenye daftari la umoja wa wenye boti ameandika maneno matatu: uzembe wa nahodha. Sasa mtaani wanasema Dakika alimuua mwalimu. Watoto wamemwambia Bibi Maswali maneno hayohayo darasani, meza ya mwalimu ikiwa tupu mbele yao.

Mume wangu mimi namjua. Mwezi wa kumi aliipandisha boti nchi kavu, akaikwangua, akaipaka rangi kwa mikono yake. Mtu huyo si mzembe. Nataka neno hilo lifutwe. Sitaki kingine duniani.

Ndiyo maana nakuuliza. Zile zinki mbili zilizo chini ya boti ulizifunga wewe, kabla hujaenda huko kwenye kiwanda cha meli. Fundi wa kuchomelea amezikuta zimekaa palepale, nzima kabisa. Akatikisa kichwa, akasema, "Mama, kamuulize aliyezifunga." Mimi nilikuwa nimeshasikia kwamba ni nzima, lakini hilo tuliache. Nimekuuliza. Nieleze kama unavyomweleza mtu anayejua sindano na uzi tu.

Dada yako


20 Machi 1986

Dada yangu mpenzi,

Barua yako niliipokea kwa mikono miwili. Nimefurahi kuona mwandiko wako, na nimelia kwa yaliyomo. Mpe mama mkwe pole zangu, umwambie dawa za presha hazifanyi kazi kupitia godoro.

Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la msasa. Tunalala wanne chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, na dirisha letu halifungi. Mwenzangu wa kitanda cha chini anakoroma mpaka shuka langu linapepea. Kazi ni nyingi. Meli moja ikitoka nyingine inaingia, na zote zina kutu.

Umeomba elimu, nakupa. Maji ya chumvi yana njaa, dada. Ukiweka chuma na propela ya shaba ndani yake, lazima kimoja kiliwe, na kitakacholiwa ni chuma. Kwa hiyo tunafunga vipande vya zinki chini ya boti, kwa bolti na nati. Maji yanapenda zinki kuliko chuma, basi yanakula zinki na kuacha boti. Zinki ikiisha unafunga nyingine. Ndiyo kazi yake, kuliwa kwa niaba ya mwenzake.

Sasa chuma chenu kimeliwaje? Sababu ni nyingi. Waya wa betri ukivuja umeme majini unaweza kufanya hivyo. Boti yenyewe ilikuwa kuukuu, ilishapita mikono mitatu kabla ya shemeji. Na wakaguzi nao, unawajua, wakishaandika neno hawapendi kulirudia. Ni vigumu kusema kwa mbali.

Zile zinki sasa hazina kazi. Mwambie fundi azing'oe azitupe, zisikusumbue akili.

Namtumia Bibi Maswali penseli za rangi. Kuhusu mama, iko siku nitakuja nitaongea naye.

Mdogo wako


14 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Penseli zimefika, ya njano imevunjika katikati. Mpwa wako anakusalimu na anauliza kama huko kwenye meli mna paka. Ana muda mwingi wa kuuliza, maana wiki ya tatu hii haendi shule. Asubuhi anavaa sare vizuri kabisa, anafunga kamba za viatu, halafu anaingia chooni na kujifungia. Bibi yake anakaa nje ya mlango kwenye kigoda akimbembeleza. Mama mkwe mwenyewe hatoki nje ya uzio, kwa sababu mjane wa mwalimu anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilifika mwisho bila kukutana na jibu. Umenieleza vizuri kwamba zinki inawekwa ili iliwe. Sasa hii haikuliwa. Mimi ni mshonaji, mdogo wangu, si mjinga.

Sikuzitupa. Jumamosi nilikwenda pale boti ilipoegeshwa, nikiwa na aproni yangu ya kazi, nikamwomba fundi spana. Nati hazikukubali. Ikabidi achomeke bomba kwenye mpini wa spana, tukavuta wawili, mguu mmoja ukutani mwa boti. Mkono wako mzito, hilo nakupa. Zinki ya kwanza ilipoachia, nyuma yake kulikuwa na mpira mweusi. Umekatwa vizuri, umeenea kila kona. Bolti umezivalisha mpira, chini ya nati umeweka mpira, na juu ya yote umepaka rangi nene.

Mpira huo una kiraka chekundu. Kiraka nilikibandika mimi. Ni tyubu ya baiskeli yangu, uliyoniomba jioni ile ukisema unataka kipande cha kazi, nami nikakupa bila kuuliza kazi gani.

Fundi alikishika, akasema, "Aliyefunga hivi alikuwa anaogopa isidondoke." Nikamwuliza kama ni vibaya. Akawasha sigara, akasema anayempa kazi ni mkaguzi, na yeye ana watoto watano.

Umoja unakaa tena tarehe 30 Juni. Mwenyekiti amesema watapokea maelezo ya fundi yeyote anayejua kazi hiyo, mradi yawe na sahihi. Andika mpira ule ulikuwa wa nini na ulifanya nini. Karatasi moja inatosha.

Dada yako


2 Juni 1986

Dada yangu,

Nisamehe kuchelewa. Si kwamba nilisahau. Tumekuwa na meli mbili kwa mpigo, na mimi mwenyewe nimepata jambo ambalo ningependa mama angelisikia. Nimeteuliwa msaidizi wa msimamizi. Nina watu tisa chini yangu, kikosi kinachofunga zinki, ndiyo hizohizo. Kofia yangu ya bluu wameichukua, wamenipa nyeupe. Mkoromaji wa kitanda cha chini sasa ananiita bosi, lakini kukoroma hajapunguza.

Paka wapo, mwambie Bibi Maswali. Wanne, wote wanene, na hakuna anayejua wanakula nini.

Ule mpira, dada, ulikuwa wa kuzuia mtikisiko. Kumbuka wakati ule nilikuwa fundi magari, na kwenye gari mpira ni rafiki wa chuma. Tulifanya kwa tulichojua. Sasa kuandika karatasi yenye sahihi yangu, na cheo nilicho nacho, ni jambo la kufikiri. Karatasi ina miguu. Inaweza kutoka huko ikafika hapa, na watu wenye kutafuta nafasi yangu ni wengi.

Na tuseme ukweli. Shemeji alikuwa mtu mzima na mwenye boti. Umeniambia mwenyewe kwamba mwezi wa kumi aliipandisha, akaikwangua. Basi alizitazama zinki. Kama aliona kasoro, mbona hakuniandikia?

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mtoto atarudi shule, watu watachoka kusema, watapata kingine cha kusema. Namtumia kitambaa cha sare mpya, mita mbili na nusu, nadhani ameongezeka kimo.

Mdogo wako anayekupenda


21 Juni 1986

Mdogo wangu,

Kitambaa kimefika. Sare ya kuvaa wapi?

Hao wahenga hawakuwa na mtoto wa miaka minane chooni. Barua yako sikumsomea mama mkwe. Nilimwambia umeandika kwamba unatusalimu.

Unauliza mbona Dakika hakukuandikia. Swali hilo sitalijibu leo.

Kikao cha umoja kimesogezwa mpaka tarehe 15 Agosti, mwenyekiti yuko hospitali. Kwa hiyo bado una muda, ukitaka kuutumia.

Fundi wa kuchomelea nilimfuata mpaka kwake, nikakaa kwenye ngazi yake nikamwambia siondoki. Mkewe akaniletea maji. Mwishowe akasema. Zinki lazima iguse chuma. Chuma kwa chuma, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, bila rangi, bila kitu katikati, na bolti nazo vilevile. Ukiweka mpira, zinki inakaa pale kama pambo, na maji yanakula boti. Akasema kila mtu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha meli analijua hilo, hata anayefagia.

Wewe una kofia nyeupe. Nakuuliza jambo moja tu, na usiniletee wahenga. Ulijua lini?


12 Julai 1986

Dada,

Nilijua tarehe tatu Septemba mwaka jana. Miezi minne na wiki moja kabla boti haijazama.

Nikuambie kuanzia mwanzo, na nitajitahidi nisizunguke. Zinki ya kwanza niliyomfungia shemeji ilidondoka baharini baada ya miezi miwili, nati zililegea. Alinitania mwezi mzima, unakumbuka. Alikuwa akinikaribisha gatini kwa sauti kubwa, "Jamani, huyu ndiye fundi ambaye kazi yake inajua kuogelea!" Nilicheka na watu, lakini ndani iliniuma. Nikaapa kwamba za pili hazitadondoka hata boti ikigeuka juu chini. Ndipo nikaja kukuomba tyubu. Nilizikaza mpaka mkono ukafa ganzi, na nilipomaliza nilizipiga kwa nyundo zikakaa kimya, nikajiona fundi.

Huku, siku hiyo ya Septemba, msimamizi alituweka mstari sisi wageni. Alikuwa na zinki mbili mkononi. Moja imeliwa, imebaki kama kipande cha sabuni mwisho wa mwezi. Nyingine nzima. Akauliza, "Ipi imefanya kazi?" Mimi nilinyoosha kidole nikasema ile nzima. Walicheka wote. Akasema, "Zinki nzima ni zinki mvivu. Ukiikuta nzima baada ya miezi, toa chombo majini siku hiyohiyo." Nilicheka nao. Halafu nikakumbuka mpira wenye kiraka.

Nilikuandikia jioni ileile. Barua nusu ukurasa. Niliibandika stempu, nikaenda mpaka kwenye sanduku la posta, nikasimama. Ulikuwa umeniambia nisikuandikie. Nilijiambia kwamba nikiandika, la kwanza utakalosoma ni kwamba mtu ambaye hakumzika mama yake sasa anakiri kwamba hata kazi yake ni mbovu. Nikasema Desemba nitakuja likizo, nitaingia chini ya boti peke yangu, nitasugua, nitafunga upya, hakuna atakayejua. Desemba msimamizi akasema atakayebaki atafikiriwa cheo. Nikabaki. Kwa mama pia ilikuwa hivyohivyo, dada. Niliogopa kupoteza nafasi. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine niliyoificha.

Nilipopata telegramu ya msiba sikuuliza boti imezamaje. Nilijua.

Shemeji hakuwa mzembe. Aliona kitu ambacho mtu asiye wa kazi hii hawezi kukitambua, kwa sababu kasoro yenyewe inaonekana kama uzima. Hayo nimeyaandika kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii, kwa jina langu kamili na sahihi. Nimeeleza mpira, rangi, bolti, tarehe niliyofunga na tarehe niliyojua. Nilitaka iwe na muhuri wa hapa, wasije wakasema ni ndugu anamtetea ndugu. Basi niliipeleka kwa msimamizi. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Akagonga muhuri. Halafu akanyoosha mkono, nami nikajua anataka nini, nikavua kofia nikampa.

Sasa nakwangua konokono wa baharini kwenye meli. Sikuandiki hili ili unionee huruma.

Mpe Bibi Maswali salamu zangu kama utaona inafaa. Kama haifai, usimpe.

Mdogo wako


30 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukuandikia, na safari hii mwenye kuchelewa ni mimi, kwa hiyo tusihesabiane. Mama mkwe hajambo, dawa sasa anakunywa mbele ya watu. Mimi kidole kimoja kimeingia sindano, kinapona. Hapa nakaa mezani na vipande vya sare za watu kumi na tano, nimevisukuma pembeni.

Kikao kilikaa. Chumba chao kina benchi tatu na feni isiyozunguka, na walijaa mpaka dirishani. Mwenyekiti alitaka kusoma karatasi yako, miwani yake ikamsumbua, akampa katibu. Katibu akaisoma yote, mpaka tarehe ya Septemba. Mkaguzi aliomba auone muhuri, akaushika kwenye mwanga, akauacha. Wakafungua daftari, mwenyekiti akaweka rula, akakata yale maneno matatu kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: kosa la ufungaji. Akatia sahihi. Nililia hapohapo, sikungoja kufika nyumbani.

Mjane wa mwalimu alikuwepo. Aliomba karatasi, akaisoma mwenyewe taratibu, midomo ikicheza. Aliponirudishia akaniuliza, "Huyu ni ndugu yako wa tumbo moja?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Pole." Akaondoka. Mpaka leo sijui pole ile alinipa ya nini, maana pole zangu ni nyingi. Lakini Jumatatu alisimama mlangoni kwake tulipopita na Bibi Maswali, akamwita, akamfunga vizuri kifungo cha shingoni, akamwambia asichelewe. Mtoto ameenda shule. Wiki ya pili sasa, hajakosa hata siku moja. Neno limefutwa, mdogo wangu. Nilichokuomba umenipa, na najua umekitoa wapi.

Ningeweza kuishia hapa.

Lakini gatini sasa wanakusema wewe. Wanasema yule shemeji mtu alijua akanyamaza, damu za watu wawili ziko mikononi mwake. Wananiambia mimi, wakidhani wananifariji, nami nimekuwa nikiitikia kwa kichwa. Wiki mbili nimeitikia kwa kichwa. Juzi muuza tiketi aliposema hivyo nilitaka kuitikia tena, shingo ikakataa.

Uliniuliza mbona Dakika hakukuandikia. Aliandika. Yaani alinituma mimi niandike, unajua mwandiko wake ulivyokuwa, hata jina lake lilikuwa likimtoa jasho. Ilikuwa katikati ya Oktoba, siku aliyomaliza kuipaka boti rangi. Alirudi nyumbani mbiombio, hakunawa, amesimama mlangoni na rangi mpaka kwenye viwiko, anacheka peke yake. Akasema, "Mke wangu, mwandikie shemeji leo hii. Zinki zake nimezikuta kama alivyoziacha! Ya mwanzo iliogelea, hizi karibu mwaka mzima hazijatikisika wala kuliwa kona. Nimewaonyesha wenzangu wote gatini. Mwambie nimekoma kumtania."

Nikasema nitaandika. Mdogo wangu, nilikuwa na hasira na wewe. Kaburi la mama lilikuwa bado halijaota hata majani. Nilijisemea, huyu hakumzika mama yake, leo nikae chini nimwandikie sifa? Sikuandika.

Baada ya wiki akaniuliza kama nimeandika. Nikamjibu nimeshaituma. Mwezi wa kumi na moja akauliza kama umejibu. Nikasema hapana, hujajibu. Desemba akauliza tena, siku aliyodhani utakuja likizo. Nikasema hujajibu. Akasema, "Basi bado ana kinyongo na mimi kwa ule utani." Hakuuliza tena. Alikufa akiamini kwamba alikuomba radhi na wewe ukakataa kumjibu.

Nilipokisoma kisa chako cha msimamizi na zinki mbili, nililala sakafuni mchana kweupe, mama mkwe akadhani nimezimia. Barua yangu ingekufikia kabla ya mwisho wa Oktoba. Ungeusoma mstari huo mmoja, ungejua kwamba boti imeshaanza kuliwa. Usingesimama kwenye sanduku lolote la posta. Ungepiga telegramu, ungekuja kwa miguu. Najua, kwa sababu wewe ni mwoga wa aibu, lakini ukiguswa kwanza na mtu hujawahi kukataa.

Karatasi yako ina muhuri, imewekwa kwenye daftari la umoja, ukurasa wa arobaini na moja. Hii yangu sina pa kuipeleka ila kwako. Mama mkwe hajui. Kila akiomba dua anamtaja mwanawe, halafu ananitaja mimi, niliyempigania. Nainamisha kichwa naitikia amina. Watu husema mjumbe hauawi. Hawajasema lolote juu ya mjumbe asiyefikisha.

Sikuandikii kwamba nimekusamehe. Sijui kama mtu kama mimi ana haki ya kugawa msamaha. Njoo nyumbani, tutakaa meza moja, tuone kama tunaweza kutazamana.

Kabla ya hapo, pokea ujumbe wako. Alinisisitizia niuandike kama alivyousema, nisiongeze la kwangu. Alisema: "Mwambie shemeji zinki hazijapungua hata punje. Mwambie yeye ni fundi. Mwambie asante."

Dada yako